Bunia Machoni pa Kamera: Chakula, Mila na Maneno ya Barabarani

1.0 Utangulizi

Mji wa Bunia, ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujulikana na watu wengi wa nje kwa njia ya picha. Msomaji aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Leipzig, ambaye hajapata kukanyaga huko, yamkini amekwisha kuuona: askari wa Umoja wa Mataifa juu ya gari la deraya, safu za vibanda vya turubai jeupe, mama aliyejitwika godoro kichwani huku mtoto akimfuata nyuma. Picha hizo si za uongo. Mambo yanayoonyeshwa yalitokea, na baadhi yake yametokea zaidi ya mara moja. Lakini barabara ile ile aliyopita mama mwenye godoro ina wauza sombe, wachoma mahindi, mafundi cherahani, vijana wa pikipiki na watoto wenye bidoni za maji za manjano. Hao ndio walio wengi, na ndio ambao kamera ya mgeni huwaacha nje ya fremu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha za barabarani zinavyoweza kusomwa kama ushahidi wa maisha ya kila siku, chakula na mila za watu wa Bunia. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba usomaji huo hauwezekani bila ya Kiswahili kinachosemwa mjini humo. Hoja inayotetewa ni kwamba picha haijitoshelezi. Hukamilishwa na maneno yanayoandikwa chini yake, na maneno hayo yakikosewa, kilichomo katika picha nacho hugeuka. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, basi, suala la picha si la wasanii peke yao. Ni suala la msamiati, la tafsiri, na mara nyingine ni suala la usalama wa mtu aliyepigwa picha.

2.0 Picha ya barabarani na maneno yake

Picha ya barabarani ni ile inayochukuliwa mahali pa hadhara, bila ya kupanga watu wala vitu, kwa nia ya kunasa tendo linapotendeka. Huko Ulaya namna hii ya upigaji picha hutajwa sana pamoja na jina la Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye kitabu chake cha mwaka 1952 kilieneza wazo la kwamba mpiga picha humsubiri mtu, mwanga na mahali vikutane kwa dakika moja isiyorudi. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati historia ilikwenda njia nyingine. Kwa muda mrefu mwenye kamera hakuwa mtu wa kusubiri. Alikuwa mtu wa kuitwa. Mteja alivaa nguo zake nzuri, akachagua namna ya kusimama, akalipa, akaondoka na sura yake mwenyewe. Ndivyo walivyofanya kazi wenye studio za Zanzibar, Lamu na Mombasa, na ndivyo walivyofanya wapiga picha wa kivuko cha Likoni, ambao vibanda vyao vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba vilichunguzwa na mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend. Huko Kinshasa, Jean Depara (1928-1997) alitoka studioni akaingia katika mabaa na barabara za usiku, lakini hata yeye mara nyingi alipiga watu waliojua kwamba wanapigwa na waliotaka wapigwe.

Maneno yenyewe yanastahili kuangaliwa. Kiswahili cha pwani kilichukua neno picha kutoka Kiingereza. Kiswahili cha Kongo, kilichoishi jirani na Kifaransa, husema foto. Lakini pande zote mbili hutumia kitenzi kimoja: kupiga. Mtu hupiga picha au hupiga foto kama vile hupiga ngoma, hupiga simu au hupiga pasi. Kitenzi hiki hakibebi ubaya wowote kinapotumika hivyo. Hata hivyo, katika umbo lake la kutendwa, "kupigwa picha", kinamweka mtu mmoja upande wa kutenda na mwingine upande wa kutendwa. Katika studio tofauti hiyo ilifutwa na malipo na maelewano. Barabarani, ambako mwenye kamera hupita bila ya kuaga, tofauti hiyo hurudi.

3.0 Macho ya wageni katika Ituri

Ili kuelewa kwa nini wakazi wengi wa Ituri huitazama kamera kwa tahadhari, yafaa kukumbuka ni nani waliotangulia kuwatazama. Kiswahili kilifika katika misitu ya Ituri katika miaka ya 1880, pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa waliotoka Manyema na maeneo ya Tippu Tip. Wafuasi wao walijiita waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana, jina ambalo baadaye Wabelgiji walilitumia kwa Kiswahili cha Kongo kwa jumla. Henry Morton Stanley alipopita katika msitu huo mwaka 1887, akielekea Ziwa Albert kumtafuta Emin Pasha, alikuta vituo vya wafanyabiashara hao vimekwisha kusimama, na wapagazi wake mwenyewe wengi walikuwa watu wa Zanzibar. Maandishi yake yaliwapa wasomaji wa Ulaya Ituri ya giza na hofu, na sura hiyo ilikaa kwa muda mrefu.

Kamera zilifuata. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1915, Herbert Lang, akiongoza msafara wa Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya Marekani yaliyoko New York pamoja na James Chapin, alipiga karibu picha 10,000 katika kaskazini-mashariki ya Kongo. Nia ya kwanza ya msafara ilikuwa kutafuta wanyama, hasa okapi, lakini picha zake zilizo mashuhuri zaidi ni za watu, hasa Wamangbetu. Mwaka 1990 picha hizo na vitu alivyokusanya vilionyeshwa upya na wataalamu Enid Schildkrout na Curtis Keim, ambao walieleza pia jinsi picha zenyewe zilivyotokana na mapatano kati ya mpiga picha na wenyeji wake. Baada ya Lang alikuja Casimir Zagourski, Mpolandi aliyehamia Léopoldville katika miaka ya 1920, ambaye alitengeneza mfululizo wa kadi za posta alizoupa jina lenye maana ya "Afrika inayotoweka". Halafu mwaka 1961 Colin Turnbull alichapisha kitabu chake juu ya Wambuti wa Epulu, kikawafanya watu hao wajulikane duniani.

Kazi hizi hazifanani kwa thamani wala kwa nia, na mtafiti wa leo hawezi kuziacha. Lakini kuna jambo moja zinalolishiriki. Karibu zote zilitafuta kile kilichodhaniwa ni cha kale, cha asili au cha kutoweka. Mtu aliyevaa shati hakupigwa, au alipigwa kwa bahati mbaya. Mji haukuonekana. Wakati huo huo, miji ilikuwa ikikua. Dhahabu iliyogunduliwa Kilo mwaka 1903 iliwavuta na kuwalazimisha watu wa makabila mengi kufanya kazi pamoja, na Kingwana kikawa mojawapo ya lugha za kazi na za soko. Bunia ni mtoto wa historia hiyo. Wahema, Walendu, Wangiti, Waalur, Wabira, Wanande, Walugbara na wengine hukutana humo, na Kiswahili ndicho hasa kinachowawezesha kupatana bei. Ziko pia Lingala, yenye nguvu jeshini na katika muziki, na Kifaransa cha ofisi na shule.

4.0 Chakula barabarani

Hakuna mahali ambapo picha ya barabarani ya Bunia hufaa kama somo kuliko penye chakula. Picha moja ya meza ya sokoni huweza kuonyesha jiografia nzima ya Ituri. Samaki wa chumvi na dagaa waliokaushwa hutoka Kasenyi na Tchomia, kwenye ukingo wa Ziwa Albert. Nyama ya ng'ombe na maziwa hutoka kwa wafugaji wa nyanda za juu. Maharagwe, viazi na kabichi huteremshwa kutoka Djugu. Ndizi, mchele na mawese hupandishwa kutoka upande wa msitu kwa njia ya Komanda na Mambasa. Sabuni, unga wa ngano na vyombo vya plastiki huvuka mpaka kutoka Uganda kwa njia ya Mahagi, Aru na ziwani. Msomaji akiijua meza hiyo, atatambua pia maana ya meza iliyopungua. Kabichi na viazi vikikosekana, huenda barabara ya kuelekea Mahagi imefungwa kwa mashambulizi. Samaki wakiadimika, kuna jambo ziwani. Picha ya mboga, basi, huweza kueleza hali ya usalama kwa usahihi kuliko picha ya bunduki.

Chakula kikuu ni bugali. Hapa msomaji wa pwani hutambua ugali wake, wenye kiambishi bu- cha ngeli ambayo Kiswahili sanifu kimebaki na u- peke yake. Ndivyo ilivyo pia katika butoto kwa utoto. Mara nyingi bugali wa Bunia ni wa unga wa muhogo, au wa muhogo uliochanganywa na mahindi. Mazao yote mawili yalitoka Amerika: mahindi yalianza kulimwa huko Mexico maelfu ya miaka iliyopita, na muhogo ulitoka Amerika ya Kusini ukaletwa pwani ya Kongo na Wareno. Hivyo mwanamke wa Kimaya wa Guatemala anayeonekana katika picha akifinyanga chapati za mahindi kandokando ya barabara, na mwanamke wa Bunia anayeanika vipande vya muhogo juu ya turubai, wanashughulika na mazao ya bara moja. Picha zao zikiwekwa pamoja, chakula ambacho kila mmoja hukiita cha asili huonekana kuwa na safari ndefu nyuma yake.

Kitoweo kinachoambatana na bugali mara nyingi ni sombe, yaani majani ya muhogo. Pwani huitwa kisamvu. Upande wa Kinshasa, kwa Kilingala, huitwa pondu. Kamera hupenda dakika moja ya sombe, nayo ni ile ya mchi kuwa juu hewani. Lakini mwanzo na mwisho wa kazi hauonekani katika dakika hiyo. Majani hutwangwa kinuni hadi yalainike, kisha huchemshwa kwa muda mrefu, kwa kuwa muhogo una sumu ambayo haina budi kuondolewa kwa kutwanga na kupika. Mawese, kitunguu, na samaki akipatikana, hutiwa baadaye. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa, na sahani ya sombe katika picha ni chombo kilichoundwa kwa saa nyingi za kazi ya mwanamke. Maelezo yanayosema tu "mwanamke akipika mboga za majani" hayakosei, lakini yameacha karibu kila kitu.

Maneno mengine ya meza hiyo hueleza uhusiano wa lahaja. Matembele, majani ya viazi vitamu, ni neno moja pwani na Kongo. Lengalenga ni mchicha. Mkaa wa kupikia huitwa makala, neno lililo ndugu wa makaa. Mtu asiyekuwa na nafasi ya kurudi nyumbani mchana hula malewa, jina linalotumika katika miji mingi ya Kongo kwa mahali pa chakula cha bei nafuu, penye benchi, sufuria kubwa na mama anayewajua wateja wake kwa majina. Mlangoni au kando ya benchi huwapo maji ya kunawa, maana bugali huliwa kwa mkono, na kunawa ni sehemu ya adabu ya kula.

Jambo hili la kunawa linatoa mfano mzuri wa jinsi maelezo yanavyogeuza picha. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliozikumba Kivu ya Kaskazini na Ituri, ndoo yenye bomba na mtu anayenawa vilikuwa alama ya ugonjwa katika vyombo vya habari vya dunia. Ni kweli kwamba ndoo nyingi ziliwekwa kwa sababu hiyo. Lakini mtu anayenawa mbele ya malewa anaweza kuwa anafanya lile ambalo mama yake na bibi yake walimfundisha kabla ya kula. Picha haiwezi kueleza ni lipi kati ya hayo mawili. Aliyekuwapo na aliyeuliza ndiye awezaye.

5.0 Mila zinazopita njiani

Mila katika mji haziwi na uwanja wake maalumu. Hupita njiani pamoja na pikipiki. Kitu cha kwanza kinachoonekana katika picha nyingi ni kikwembe, kitambaa cha wanawake ambacho Afrika Mashariki hukiita kitenge. Kikwembe huvaliwa, hubebea mtoto, hufunikia kikapu, hutandikwa chini, hutolewa zawadi. Kinapovaliwa na wanawake wengi kwa rangi moja na mchoro mmoja, huwa ni tamko. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, kikwembe kilichochapwa kwa ajili ya siku hiyo huonekana katika miji yote ya Kongo. Sare ya kikwembe huonekana pia harusini, katika kwaya za kanisa na katika misiba. Picha isiyotaja tukio humwachia mtazamaji aone rangi tu.

Msiba nao hutoka nje ya nyumba. Matanga, ambayo wengi wa mashariki ya Kongo huyaita kilio, huwakusanya jamaa na majirani nyumbani kwa marehemu. Viti na turubai husogea hadi njiani, moto huwashwa, wanawake hupika kwa sufuria kubwa, wanaume hukesha. Kwa mtazamaji asiyejua, picha ya watu waliolala nje chini ya turubai, wakiwa wamezungukwa na masufuria, haina tofauti na picha ya wakimbizi. Kwa mwenyeji ni picha ya watu waliokuja kumsaidia mwenzao kubeba mzigo. Makosa ya namna hii si madogo. Kosa hilo huufanya ujirani uonekane kuwa umaskini.

Ndoa hudai picha za aina nyingine. Mtu huweza kuoa mara tatu bila ya kubadili mke: kwa mila, kwa serikali na kwa kanisa au msikiti. Kati ya hizo, ile ya mila ndiyo inayoonekana zaidi barabarani, kwa kuwa mali ya mahari haina budi kupelekwa. Kwa Wahema, ambao kwa desturi ni wafugaji, ng'ombe ana heshima ya pekee katika mapatano hayo. Mjini fedha huweza kusimama mahali pa mnyama, lakini hesabu huendelea kutajwa kwa ng'ombe. Kuzaliwa kwa watoto pacha nako hutambulishwa kwa neno: watoto ni mapasa, na mama yao huitwa Mama Mapasa maisha yake yote. Anayempiga picha bila ya kujua jina hilo amempata mwanamke mwenye watoto wawili. Cheo chake hakimo.

Hata salamu huonekana katika picha, kwa mtu anayejua kuziangalia. Kijana anayepokea kitu kwa mikono miwili, au anayeshika kiwiko cha mkono wake wa kuume kwa mkono wa kushoto anapomsalimu mzee, anatenda adabu inayojulikana katika sehemu nyingi za Afrika. Mara nyingi mgeni hudhani kwamba ni ishara ya woga.

6.0 Picha kama shahidi

Sababu ya kuyajali haya yote ni kwamba katika Bunia picha imewahi kuwa jambo la kufa na kupona. Mgogoro wa Wahema na Walendu uliozuka upya mwaka 1999 uligawa vijiji, na baadaye uligawa mitaa ya mji. Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, wanamgambo walipigania Bunia, na maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na kituo cha askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 Mei 2003 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kiliingia mjini mwezi uliofuata, kikakaa hadi Septemba. Ndipo waandishi na wapiga picha wa dunia walipoijua Bunia. Picha za majuma hayo machache ndizo zilizokuwa jina la mji kwa miaka mingi.

Mwaka 2012 picha kutoka Ituri zilisimama mahakamani. Tarehe 14 Machi mwaka huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko Den Haag ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, ikamtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, kwa kosa la kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Miongoni mwa ushahidi ilikuwamo video ya Februari 2003 inayomwonyesha akiwatembelea askari waliokuwa mafunzoni katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia. Majaji walizitazama sura za vijana hao na kuzingatia umri wao kwa kadiri ulivyoweza kuonekana.

Katika kesi hiyo neno moja la Kiswahili cha Kongo lilitajwa mara nyingi: kadogo. Kwa sarufi ni neno jepesi. Kiambishi ka-, ambacho katika Kiswahili cha Kongo huonyesha udogo na wingi wake ni tu-, kimewekwa mbele ya -dogo. Katoto ni mtoto mdogo, na tutoto ni wengi wao. Mama anaweza kumwita mwanawe kadogo kwa mapenzi. Vita viliongeza maana nyingine, ile ya mtoto askari. Neno lile lile likiandikwa chini ya picha ya mtoto barabarani huweza kumaanisha kitinda mimba wa nyumba fulani au mtu aliyewahi kushika silaha. Mfasiri asiyeijua tofauti hiyo, au asiyeuliza, huweza kumharibia mtoto maisha.

Hatari iliyo sawa na hiyo imo katika jina la kabila. Katika mji ambao watu waliuawa kwa sababu ya kutambuliwa, kuandika chini ya picha kwamba muuza maziwa ni Mhema au mwenye jembe ni Mlendu si maelezo ya kawaida. Tena mara nyingi si sahihi. Kuna Wahema wa kaskazini ambao lugha yao ya nyumbani ni Kilendu, na kuna familia nyingi zilizochanganyika. Uso, kazi na lugha havitoshi kumpangia mtu ukoo. Wachunguzi wa Kiswahili cha Bunia, Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal, wameonyesha kwamba wasemaji hubadilisha namna yao ya kusema kwa kufuata hali na msikilizaji, na kwamba usemi wenyewe hutumika kama alama ya mtu anavyotaka kutambuliwa. Ikiwa msemaji ana uhuru wa kuchagua atakavyosikika, yapasa awe na uhuru wa kuchagua atakavyoandikwa.

7.0 Kuomba na kuandika

Mashaka ya wenyeji mbele ya kamera, basi, hayahitaji kuelezwa kwa ushirikina, kama ilivyokuwa desturi ya waandishi wa zamani. Yana sababu zinazoeleweka. Kwa miaka mingi mamlaka za nchi zilidai kibali kwa mtu anayepiga picha hadharani, na kupiga picha daraja, uwanja wa ndege au askari kulileta matatizo. Tangu Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura na utawala wa kijeshi, jambo ambalo halikuipunguza tahadhari hiyo. Zaidi ya hayo, watu wanajua kwamba picha huuzwa, na kwamba wao hawapati hata nakala. Sehemu nyingine za dunia zimefikia uamuzi wa wazi. Katika San Juan Chamula, mji wa Wamaya wa Chiapas nchini Mexico, ni marufuku kupiga picha ndani ya kanisa, na mgeni hutakiwa kutii. Bunia haina sheria ya namna hiyo iliyoandikwa mlangoni, lakini ina adabu, na adabu hujifunzwa kwa kusalimu kwanza.

Mabadiliko yamekwisha kuanza. Mwaka 2012 Peter DiCampo na Austin Merrill walianzisha mradi wa Everyday Africa, uliotumia simu za mkononi kuonyesha siku za kawaida za bara hili, na baadaye wapiga picha wengi wa Kiafrika walijiunga nao. Mwaka 2020, safari za kimataifa zilipofungwa kwa sababu ya korona, Finbarr O'Reilly aliugeuza mradi wake wa Tuzo ya Carmignac kuwa kazi ya pamoja na wapiga picha wa Kongo, wakiwamo Dieudonné Dirole, Arlette Bashizi, Ley Uwera, Moses Sawasawa na Bernadette Vivuya. Mtu aliyekulia katika mashariki ya Kongo hahitaji kuelezwa kwamba turubai fulani ni la kilio. Na kwa kuwa simu yenye kamera imo mfukoni mwa vijana wengi, barabara sasa hujipiga yenyewe kila siku. Kinachokosekana si picha tena. Kinachokosekana ni maelezo yake.

Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapoweza kutoa mchango. Mwanafunzi anayekusanya picha za mji anaweza kuongozwa kwa maswali machache. Kitu hiki kinaitwaje na mwenye nacho, kwa lugha anayoitumia sokoni? Kilitoka wapi, na kilifikaje? Ni tendo gani lililotangulia dakika hii, na litafuata lipi? Mtu huyu angependa atajwe vipi, au asitajwe kabisa? Je, amepewa nakala? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa sombe na si kisamvu, kwa kilio na si matanga, halafu Kiswahili sanifu na lugha nyingine zifuate. Mkusanyiko wa namna hiyo utakuwa kamusi yenye picha ya Kiswahili cha Ituri, na wakati huo huo utakuwa kumbukumbu ya mji ambao nyaraka nyingi za nyumbani, albamu za familia zikiwamo, zimepotea kila watu walipokimbia.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba picha za barabarani za Bunia hubeba habari nyingi za chakula, kazi na mila, lakini habari hizo haziko wazi kwa kila jicho. Wageni waliotangulia walitafuta Ituri ya kale. Waandishi wa vita walitafuta Ituri ya mauaji. Wote wawili walipata walichokitafuta, na kati yao watu wa kawaida walipita bila ya kuonekana. Ili waonekane, haitoshi kuwapiga picha zaidi. Inapasa kujua bugali wao ni wa unga gani, kitambaa chao kimevaliwa kwa ajili ya nani, na wale waliolala chini ya turubai wamekuja kumlilia nani. Maarifa hayo yamo katika Kiswahili cha Bunia, lugha ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ni Kiswahili kilichoharibika, na ambayo katika kazi hii ndiyo iliyo sahihi kuliko zote.